Kombi Inayonuka Esansi Isibebe Mtu



Juma hili sitaandika juu ya masomo ya watoto. Nitaandika juu ya injini. Najua kuna watakaogeuza ukurasa wakisema hayo ni mambo ya wanaume. Ngojeni kwanza. Ndani ya kombi, ni nani anayekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na injini, akipakata mtoto? Mihogo iliyo juu ya paa ni ya nani? Basi tusome pamoja.

Jambo lenyewe ni fupi. Motokari ikinuka esansi ndani, kuna mahali esansi inatoka. Mashofere wetu wana jibu lao: "Mama, motokari ya zamani lazima inuke." Si kweli. Motokari ya zamani inaweza kupiga kelele, inaweza kushindwa mlima, inaweza kutoa moshi mweusi mpaka watu wa kando ya njia wakafunga pua. Huo ni uzee. Harufu ya esansi ni tundu, na tundu linazibwa.

Wengine wanachanganya esansi na mazuti, wakidhani ni ndugu wa tabia moja. Mazuti ikimwagika chini na kaa la moto likaangukia juu yake, mara nyingi kaa litazimika, kwa sababu mazuti inahitaji kupashwa joto zaidi ya digrii 50 mbele ya kutoa mvuke wa kutosha kuwaka. Esansi inatoa mvuke huo hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hapa kwetu hakuna mtu aliyewahi kuiona. Maana yake, saa yoyote, asubuhi ya mwezi wa 6 au mchana wa mwezi wa 10, esansi iliyo wazi iko tayari. Tena kinachowaka ni mvuke, na mvuke ule ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi wa mbabula. Unashuka, unatambaa chini, unajaa katika mashimo na chini ya viti, unakwenda kutafuta moto ulio mbali. Ndiyo maana mtu anaweza kuwasha kiberiti hatua kadhaa kutoka mahali esansi ilipomwagika, na moto ukamfuata.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Mwezi wa 11 mwaka 2017, upande wa Lubudi, katika jimbo letu hili la Lualaba, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka bondeni na kuwaka, na watu zaidi ya 30 waliokuwa wamepanda juu yake wakafa. Kule Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la esansi lilipinduka katikati ya kijiji. Esansi ikatiririka, watu wakakaribia, wengine na vyombo vya kuchotea. Zaidi ya 230 hawakurudi nyumbani. Pale esansi ilitoka kwanza, moto ukaja nyuma yake.

Sasa tuje kwenye kombi yetu. Nasema "yetu" ingawa si mali ya kikundi. Ni ile tunayoikodi siku ya posho kupeleka mihogo, mahindi na mafuta ya mawese. Wote mnaijua. Ni Volkswagen ya umbo la zamani, injini nyuma, isiyotumia maji. Ujerumani waliacha kutengeneza umbo lile mwaka 1979, kwa hiyo kama ilitoka kule, ina zaidi ya miaka 40 barabarani. Sitaisema vibaya. Katika mchanga wetu inapita pale ambapo motokari nyingi za kisasa zinasimama na kungoja kusukumwa, na treni za shaba zinazopita hapa kuelekea Lobito hazibebi mihogo ya mtu.

Ila kombi ile ina mpangilio wake, na kila anayeipanda angefaa kuujua. Tanki la esansi liko nyuma, juu ya giaboksi, limetengwa na injini kwa bati tu. Esansi inatoka tanki, inapita tundu la bati lile katika mpira mdogo ambao uwazi wake ni milimeta 5, inafika pompa, kisha pompa inaisukuma mpaka karbirateri juu ya injini. Kando ya pompa kuna deleko, ile inayogawa cheche kwa buji. Kuna dinamo, nayo ina cheche zake ndani. Na batri iko katika chumba kile kile, upande wa kulia. Moto wote na esansi yote viko katika chumba kimoja kidogo, vimetenganishwa na mpira wa bei ya sabuni chache. Mpira ukiwa mzima, hakuna shida, ndivyo kombi hizi zilivyotembea dunia nzima. Mpira ukichoka, hesabu inabadilika.

Jambo jingine: tanki liko juu kuliko pompa. Kwa hiyo kuzima injini hakusimamishi kuvuja. Esansi inashuka yenyewe kama maji kutoka pipa, usiku kucha, wakati watoto wanacheza kujificha chini ya kombi.

Juma la nne sasa limepita tangu wamama wa kiti cha nyuma walipoanza kulalamika. Kikwembe cha mama mmoja kilinuka esansi mpaka nyumbani, na alikifua mara mbili. Posho iliyofuata tulisimama kando ya kombi, mizigo chini, tukakataa kupanda. Baba shofere alikasirika, na mimi namwelewa, kwa maana ule ni mkate wake. Akasema, "Mama mwalimu, mnaogopa bure. Naendesha kombi hii miaka 12." Ndipo mama mmoja mzee, ambaye hapendi jina lake liandikwe, akamjibu kwa upole kabisa: "Ni vizuri, mwanangu. Basi washa kiberiti pale nyuma, sisi tutakaa hapa tuone." Baba shofere akacheka, sisi tukacheka, lakini kiberiti hakikuwashwa. Siku ile ile kombi ilisukumwa kwa fundi.

Tuliomba kitu kimoja: wamama sita wakae pale waone kazi. Fundi hakupenda mwanzoni. Nilimwambia kwamba hatukuja kumfundisha, tumekuja kujifunza, naye akakubali. Ni kijana mwenye mikono safi, kama mnanielewa. Kazi ilifanyika nje, chini ya mwembe, injini ikiwa baridi, mbali na mbabula ya mama anayekaanga mikate pale kona. Kitu cha kwanza alichofanya, mbele ya kugusa mpira wowote, kilikuwa kutoa waya wa batri. Mkiona fundi anaanza kazi ya esansi na batri imefungwa, na sigara mdomoni, mwiteni mtu mwingine.

Halafu akatandaza katoni safi chini ya injini na kutuambia tungoje. Saa moja ilipopita, katoni ilikuwa na madoa mawili, moja karibu na lile bati la mbele ya injini, jingine katikati. Ni njia ya bure, na mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani. Doa linakuonyesha utafute wapi.

Doa la kwanza lilitoka pale mpira unapopita tundu la bati. Tundu lile linatakiwa kuwa na pete ya mpira ili ukingo wa bati usikate. Pete haikuwapo. Bati lilikuwa limesaga mpira kwa kila mtikisiko, na njia ya Kasaji haina upungufu wa mitikisiko. Mtu fulani, zamani, aliona mkato ule akaufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, na juu yake waya. Ukanda ule ulikuwa umevimba na kulainika kama bukari iliyolowa. Mpira wa gurudumu haukutengenezwa kwa ajili ya esansi: unainywa, unavimba, unaachia. Na waya unakata. Hapa nasema wazi, kwa sababu dawa hii naiona kila mahali. Hata sabuni, ambayo mafundi wanapaka kwenye tundu la tanki, ni ya kukufikisha nyumbani ukiwa peke yako njiani. Inashika kwa muda kwa sababu esansi haiyeyushi sabuni upesi. Sio ya kubebea watu posho hata posho.

Doa la pili lilinishangaza zaidi. Mtu alikuwa ametia filtre ya plastiki juu ya injini, kati ya pompa na karbirateri, ikining'inia kwenye mpira. Wazo ni zuri, maana esansi tunayonunua kwa bidoni inakuja na mchanga na uchafu. Mahali ndipo pabaya. Uzito ule unatikisika na kuvuta kile kitubo cha shaba kinachoingia karbirateri. Kitubo hakina skrubu, kimepigwa ndani tu kiwandani, na nyuma ya miaka mingi kinalegea. Fundi alikizungusha kwa vidole viwili mbele yetu. Kingechomoka siku moja mlimani, pompa ingeendelea kumwaga esansi juu ya injini ya moto mpaka baba shofere aone moshi katika kioo. Wamama sita walinyamaza kimya.

Kulikuwa pia na mpira mpana wa shingo ya kujazia tanki, umepasuka-pasuka. Huo ndio ulionukisha kombi kila ilipojazwa esansi nyingi, na harufu ikapungua tanki liliposhuka. Hiyo ni alama ya kukumbuka: harufu ya tanki likijaa tu, tafuteni shingoni.

Mafundi wengi wangebadilisha kipande kilichokatika, basi. Fundi huyu alisema mipira yote ni ya umri mmoja, na mmoja ukioza wengine wako njiani. Tulikubaliana naye. Ila mpira wa esansi wa kweli haukupatikana hapa siku ile. Sokoni tulipewa ule mweupe unaoonekana ndani, wa maji. Tukaukataa, kwa maana katika esansi na joto la injini unakuwa mgumu kama mti na kupasuka. Mpira wa esansi una maandishi ubavuni. Mwenye macho asome: kama kuna herufi SAE J30, au DIN 73379 kwa ule uliofunikwa na nyuzi, huo umetengenezwa kwa kazi hii. Huu ulitoka Kolwezi na lori, zaidi ya kilometa 400, na tuliungoja.

Kungoja kule ndiko kulikoleta maneno katika kikundi, na sitayaficha. Posho mbili hatukuuza. Mihogo ya wengine iliota ukungu. Mama mmoja alisema mbele ya wote kwamba tunawaokoa watoto na moto ili wafe na njaa. Hakusema vibaya, ana watoto watano na soko ndilo linalolipa masomo yao. Wengine walitaka kombi irudishwe kazini na ukanda mpya wa kinga, "kwa muda tu." Mimi nilipiga kura ya kungoja, na ningeipiga tena. Posho mbili zinaweza kurudishwa, na kikundi kiliwakopesha wale watatu walioumia zaidi kutoka kisanduku cha akiba. Lakini nakubali jambo moja alilosema: akiba ya mpira ingekuwa hapa Dilolo tangu zamani, tungepoteza siku moja tu.

Mpira ulipofika, kazi haikuchukua hata asubuhi nzima. Fundi alibana mpira wa tanki kwa koleo lililofungwa kitambaa ili usipasuke, akaondoa ule wa zamani, na esansi iliyobaki akaipokea katika kopo la chuma lenye kifuniko. Sio beseni. Beseni wazi la esansi ni mvuke unaotembea. Akakata mpira mpya kwa wembe, mkato ulionyooka, akausukuma ndani kama sentimita 2 juu ya kila kitubo, akafunga kila mwisho kwa kolye, ule mkanda wa chuma wenye skrubu. Akaukaza mpaka unashika, akaacha. Ukikaza kwa hasira, kolye yenyewe inakata mpira. Katika tundu la bati akatia pete mpya. Kifuniko cha karbirateri kilipelekwa kwa fundi mwingine anayekata skrubu, kikarudi na kitubo kinachofungwa, hakichomoki tena. Filtre ikahamishwa mbele ya pompa, chini, nje ya chumba cha injini.

Kisha kujaribu. Injini iliwashwa hapo hapo nje, kombi tupu, hata baba shofere akisimama mlangoni. Dakika 10. Fundi alipitisha kitambaa cheupe kikavu chini ya kila kifungo na kukinusa. Akazima. Katoni nyingine safi chini, nusu saa. Ilibaki safi. Akachomoa kile chuma cha kupimia mafuta ya injini, akatupa tunuse na sisi, kwa sababu pompa ikipasuka ndani, esansi inaingia katika mafuta ya injini bila kudondoka chini, na mafuta yanaonekana kuongezeka yenyewe. Yalinuka mafuta tu. Nilimwomba aandike tarehe kwa rangi ndani ya mlango wa injini. Akaandika.

Bado kulikuwa na bidoni. Baba shofere alikuwa anabeba lita 20 nyuma ya kiti, na kifuniko chake kilikuwa kipande cha sashe. Mtatengeneza injini mwezi mzima, bidoni ile itaharibu kazi yote kwa kona moja. Sasa ina kifuniko cha kweli, haijazwi mpaka mdomo, nayo inafungwa juu ya paa mbali na watu. Napenda zaidi isiwepo kabisa, lakini najua njia yetu na vituo vyake.

Na moto ukitokea? Watu kwanza, mizigo baadaye, wote upande mmoja na mbali. Msimwage maji. Esansi inaelea juu ya maji na kwenda nayo, na sehemu kubwa ya injini ile ni magnezi, chuma chepesi ambacho kikishika moto chenyewe, maji yanakiongezea nguvu. Msifungue mlango wa injini kwa upana, hewa ni chakula cha moto. Kizima moto cha unga kama kipo, kitumike mapema. Kama hakipo, mchanga mkavu, na huo Mungu ametupa wa kutosha.

Neno kwa nyumbani, kwa sababu esansi iliyotolewa katika tanki mara nyingi inaishia katika chupa ya soda, na chupa ya soda inaishia mkononi mwa mtoto. Mtoto akinywa esansi, msimtapishe. Msimpe mafuta ya mawese wala maziwa ili atapike. Esansi tumboni ina madhara, lakini ikipanda tena na kuingia mapafuni ndipo inapoua. Vueni nguo zilizolowa, oshaneni ngozi kwa maji na sabuni, na mumpeleke kituo cha afya hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na homa vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Hali ni hiyo hiyo kwa vijana wanaovuta esansi kwa mdomo kupitia mpira. Mkiwa na kijana anayefanya kazi ile, mwambieni.

Kombi imerudi kazini tangu posho iliyopita. Mama mzee wa kiberiti alikaa kiti cha nyuma kwa kupenda kwake, akanusa njia nzima, akashuka bila neno. Mabaki ya mpira, kama sentimita 40, yako chini ya kiti cha mbele pamoja na kolye mbili na ndoo ndogo ya mchanga mkavu yenye kifuniko. Watoto wasiichezee. Mkutano wa posho ijayo utaamua kama kisanduku kinunue mita mbili nyingine za kuweka hapa; mwenye ndugu anayesafiri kutoka Kolwezi juma hili amwambie mama mweka akiba mbele ya siku ile.